Mpagazi wa Kwihara

Nilikuwa Tabora wiki iliyopita. Kazi iliyonipeleka iliisha mapema, nikabakiwa na siku nzima kabla ya kurudi Dar. Mjomba akaniuliza kama nimewahi kufika Kwihara kwenye tembe la Livingstone. Sijawahi. "Mwandishi wa habari mzima!" Aibu ikanipeleka kwenye bodaboda.

Niseme kwanza kwamba mama yangu ni Mnyamwezi, na watani zangu Wazaramo wakishajua hilo wana neno moja tu: mpagazi. Ukibeba begi zito, mpagazi huyo. Ukiomba msaada wa kubeba, mpagazi gani wewe? Nimelizoea tangu shule, nacheka nao. Lakini siku hiyo nilikwenda nalo Kwihara.

Ni kama kilomita 6 kutoka mjini. Tembe ni nyumba ya rangi ya udongo mwekundu, paa bapa, kuta nene, na mlango wa nakshi kama ile ya Unguja. Hii iliyopo imejengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani. Ndani kuna ramani, nakala za barua na za kurasa za shajara, picha, na habari za magazeti ya Marekani ya enzi za Stanley. Nusu saa umemaliza. Sina ugomvi: nyumba ina jina la Livingstone, ukimkuta Livingstone usilalamike.

Kisa chenyewe mnakijua. Stanley alimkuta mzee Ujiji mwezi Novemba 1871, wakaja pamoja mpaka hapa Februari 1872. Stanley akaondoka 14 Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki mpaka 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi! Nilisimama pale nikajiuliza, huyu alikuwa anangoja nini?

Wapagazi. Alikuwa anangoja wapagazi, wadau.

Mzungu mwenye sifa ulaya nzima, ana dawa, ana vitabu, ana vifaa vya kupimia nchi, na hawezi kuondoka kwa sababu hakuna wa kubeba. Wakati anasubiri alinunua ng'ombe wa maziwa kwa doti za merikani, akawa anatengeneza jibini. Katikati ya Agosti wakafika watu zaidi ya 50 aliopelekewa na Stanley kutoka Unguja, na siku chache baadaye safari ikaanza. Baada ya hapo nilirudi chumba cha kwanza nikaanza kuangalia upya, safari hii nikimtafuta mpagazi.

Hapa lazima tuelewane jambo moja. Watu wengi wakisikia msafara wa Tabora wanaona mnyororo tu. Utumwa ulikuwapo, tena wa kikatili, na mateka walipitishwa njia hii hii mpaka pwani. Lakini Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo kwa makumi ya maelfu kila mwaka wengi wao walikuwa watu huru, vibarua wa kulipwa. Tena walikuwa wakishuka pwani na bidhaa zao wenyewe kabla Waarabu hawajajenga Tabora. Walikwenda kiangazi na wengi walitaka kuwa nyumbani masika yanapoanza, kwa sababu shamba halingoji. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Wanawake nao walitembea, wengine na waume zao.

Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na chakula na mkeka wako juu yake. Kutoka Bagamoyo mpaka hapa Stanley alitumia karibu miezi mitatu mwaka 1871. Burton na Speke mwaka 1857 walitumia zaidi ya minne. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, na wabeba pembe walifunga kengele za ng'ombe kwenye pembe zao. Malipo yasipoeleweka, wapagazi waliweka mizigo chini wakagoma, au waliondoka usiku. Vitabu vya wazungu vimejaa malalamiko kuhusu "uvivu" na "utoro" wao. Ukivisoma leo unaona mgogoro wa mwajiri na mfanyakazi, ulioandikwa na mwajiri.

Vitu vyao vingine havihitaji kabati la kioo, tunavyo midomoni. Doti ya nguo aliyolipia Livingstone ng'ombe ndiyo doti ya khanga ya mama zetu. Merikani ilikuwa nguo iliyotoka Marekani kweli. Na posho! Chakula cha siku cha mpagazi, kibaba cha nafaka au kipande cha nguo akabadilishe mwenyewe njiani. Waandishi wenzangu mnaouliza posho kabla hamjauliza mada ya semina, mjue mmerithi kwa nani.

Kilichonishika zaidi kilitokea hapa hapa Kwihara mwaka uliofuata. Livingstone alifariki 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao, akiwamo Halima mpishi, waliamua kumrudisha. Walizika moyo wake kule, wakaukausha mwili, wakaubeba. Oktoba wakafika Unyanyembe, wakamkuta Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa.

Fikiria. Hakuna aliyewatuma, mwajiri wao amekufa, ofisa wa Kiingereza anawapa ruhusa ya kutua mzigo, na pwani bado ni mamia ya kilomita. Wakabeba tena. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili, na katika wale waliombeba ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwapo. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Medali zilitengenezwa kuwasifu kwa uaminifu wao, lakini wakati huo wengi walikuwa wameshatawanyika.

Uaminifu ni neno linalomfaa mtumishi. Mimi nilichokiona Kwihara ni watu waliokaa, wakashauriana, wakampinga mkubwa, wakatekeleza walichoamua.

Nilirudi mjini saa nane. Mke wa mjomba alikuwa ameweka chai, karanga na matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, ambayo wenyeji husimulia kuwa ndiyo yaliyoipa Tabora jina. Nikamwamkia mjomba, kisha nikamuuliza kama kwenye ukoo wetu kuna aliyewahi kubeba.

"Wa kwetu? Babu yake babu yako alikwenda pwani mara tatu," akasema, kama ananiambia bei ya mchele.

"Na hamkuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unauliza habari za Livingstone."

Nikamuuliza alirudi na nini. Mjomba akafikiri, akavunja tobolwa.

"Nguo, chumvi, na Kiswahili. Mkewe alilalamika mpaka anakufa kwamba mume karudi anajidai Mswahili."

Nikaenda kuchukua daftari.