Kobe Mwenye Bawaba

Kwetu Ukambani, kwa mwendo mrefu Mto Athi ndio mpaka: huku Makueni, ng'ambo ile Kitui. Jua likiwaka, tulia ukingoni uangalie magogo. Yale unayodhani ni mawe meusi yataruka majini, chubwi! Ni kobe wa mtoni, Pelusios sinuatus, mkubwa kuliko wenzake wote wa jenasi ya Pelusios. Jenasi hiyo ilipewa jina na Mjerumani Johann Wagler mwaka 1830, kutokana na neno la Kigiriki la tope. Alama yake ni bawaba: sehemu ya mbele ya gamba la tumboni hukunjika na kufunga kama mlango wa duka. Shingo nayo haivutwi ndani moja kwa moja, inalazwa kando.

Majina ya kobe hawa yana vituko. Yule wa Seychelles aliandikwa mwaka 1906, baadaye ikasemwa ametoweka. Mwaka 2013 vinasaba vya kielelezo kilichotunzwa Vienna vikaonyesha ni kobe wa kawaida wa Afrika Magharibi. Yaani dunia ilimlilia marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa!

Visukuku vyetu ni vya kweli kabisa. Mwaka 1954 Ernest Williams alieleza Pelusios rusingae, kobe wa kale sana kutoka Kisiwa cha Rusinga. Mwaka 1983 ndugu yake wa mbali, aliyechimbuliwa upande wa Turkana, aliitwa Kenyemys williamsi: Kenya mbele, Williams nyuma.

Hapo ndipo namkumbuka Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni. Alianza kazi na akina Leakey mwaka 1960, akichimba Olduvai. Mwaka 1964 aliliona taya la Peninj, kando ya Ziwa Natron. Mwaka 1984, Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe, na hicho kikafungua njia ya kumpata Mvulana wa Turkana. Alifariki mwaka 2022. Wanyama wawili wa kale wa jamii ya nyani wana jina lake, Kamoyapithecus na Cercopithecoides kimeui. Kobe hata mmoja hana, na mimi naona angestahili, kwa jinsi vipande vya magamba vilivyotapakaa kwenye mchanga alioutembea miaka yote hiyo.

Tena kobe hao si mapambo ya hadithi ya binadamu. Mwaka 2010 watafiti walitangaza mabaki ya mlo wa miaka milioni 1.95 iliyopita, mashariki mwa Turkana: samaki, mamba, na kobe wenye alama za kukatwa kwa mawe. Wengine husema mafuta ya vyakula hivyo vya majini yalilisha ubongo wetu ukakua. Kwani nani alijua supu ya kobe ilikuwa tuisheni?

Leo Athi inapokea maji machafu ya Nairobi kabla haijafika kwetu. Mchanga nao ulichotwa kwa malori mpaka Makueni ikatunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Pale Thwake inapokutana na Athi, ujenzi wa bwawa ulianza mwaka 2018. Kobe hapati shida na maji yaliyotulia. Lakini mayai yake huyafukia nchi kavu, karibu na ukingo, na bwawa likijaa ukingo utahama.