Hati ya Makabidhiano

Nilipokuwa kijana katika chuo cha ualimu cha Beit el Ras tulifundishwa kwamba mwalimu mkuu anayeondoka hukabidhi skuli kwa maandishi. Madawati mangapi, funguo ngapi, kisima kiko upande gani, bati gani linavuja. Anayeingia hana haja ya kupapasa. Maisha yangu yote nimeiheshimu kanuni hiyo, isipokuwa mara moja, na mara hiyo ndiyo inayonifanya niandike kurasa hizi.

Wazee wenzangu wa hapa Mji Mkongwe hunicheka wakisikia nazungumza habari za kompyuta. Lakini msomaji anivumilie, kwani jambo lenyewe ni la makabidhiano.

Kompyuta kubwa ya mezani inapowashwa, vifaa vyake vingi huitwa vikaitika, kama wanafunzi asubuhi mwalimu anaposoma rejista. Ziko kompyuta nyengine, ndogo kama kiganja, zenye chipu ya aina ya ARM. Chipu hiyo ilizaliwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn, kwa ubunifu wa Sophie Wilson na Steve Furber, na ya kwanza ilifanya kazi mwezi wa Aprili 1985. Sifa yake ni kula umeme kidogo mno. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani kiasi cha miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, hatuhitaji kuelezwa thamani ya sifa hiyo.

Ila katika bodi hizi vifaa vingi haviitiki. Kila kimoja kimekaa kimya katika anwani yake, na mfumo endeshi usioambiwa anwani hizo hauvioni. Zamani waandishi wa Linux waliandika maelezo ya kila bodi ndani ya mfumo wenyewe. Bodi zikazidi, maelezo yakarundikana, hata mwaka 2011 Linus Torvalds, aliyeuanzisha mfumo huo, akalalamika hadharani juu ya fujo ile.

Dawa ilikuwa ya zamani. Kampuni ya Sun ilikuwa na mtindo wa kuandika orodha ya vifaa kwa matawi, kifaa chini ya kifaa, nao ukawa kanuni rasmi mwaka 1994. Huitwa mti wa vifaa. Mtu huuandika kwa maneno yanayosomeka, kisha hugeuzwa kuwa faili dogo. Programu inayoiamsha bodi hulikabidhi faili hilo kwa mfumo endeshi: kumbukumbu inaanzia hapa, tundu la kadi liko pale. Mfumo ukawa mmoja, na kila bodi ikaja na hati yake. Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Februari 2012 na iliyofika hata katika skuli za bara, nayo ilihamia kwenye mtindo huo mwaka 2015.

Mwaka huo huo wa 2015 nilistaafu. Skuli yangu ya mwisho, huko shamba, ilikuwa imepewa na mfadhili bodi za aina mbili, kila aina na kadi zake. Mwalimu mmoja kijana alizijua zote kwa kichwa, nami nikaridhika. Katika daftari langu la makabidhiano nikaandika: "Kompyuta ndogo, kumi na mbili." Sikuandika zaidi. Kijana yule akahamishiwa Pemba. Walipozisafisha, kadi zikachanganyika, na kadi yenye hati ya bodi nyengine haiamshi kitu. Kioo hubaki cheusi. Wakadhani zimekufa, wakazifungia kabatini.

Nilikuja kuzipata habari miaka miwili baadaye, kwa mwanafunzi wangu wa zamani niliyekutana naye Darajani. Aliniambia bila ya lawama, akaniamkia na kwenda zake. Kesho yake nikapanda daladala. Tulikaa na mwalimu wa zamu tangu asubuhi mpaka alasiri, tukijaribu kadi moja baada ya moja. Kumi ziliamka. Nikakata karatasi, nikaandika, nikabandika: kadi hii ni ya bodi hii.

Lakini madarasa mawili yalikuwa yamekwisha kupita bila ya kuzigusa, na hao hawarudi. Kosa halikuwa la kijana aliyehamishwa wala la aliyenirithi kiti. Nilihesabu vitu, nikasahau kuandika namna vinavyojuana.

Sasa nimepindukia miaka sabini. Juzi nimeanza daftari jengine, la nyumba hii: bomba linapita wapi, boriti ipi imeliwa na mchwa, hati za marehemu baba ziko sanduku gani. Watoto wanadhani naaga. Nawaambia wangoje, sijafika hata ghorofa ya pili.