Nyumba za vyumba sita zilizoizaa Kariakoo

Mfanyabiashara wa Kariakoo akienda Guangzhou kufunga mzigo, hukuta suruali za jinzi za Xintang, mji wa viwanda ulio mashariki mwa jiji hilo. Mzigo ukifika Dar es Salaam hushushwa kwenye ghorofa ambalo kiwanja chake zamani kilikuwa na nyumba ya udongo ya vyumba sita. Watu husema biashara ndiyo iliyoiua Kariakoo ya zamani. Nadhani nyumba ile yenyewe ilikuwa biashara tangu mwanzo.

Mitaa ilichorwa kwanza, watu wakaja baadaye. Wajerumani walinunua shamba la mlowezi magharibi ya mji, wakalipima kwa mistari iliyonyooka ili Waafrika wakae mbali na Wazungu wa ufukweni. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina likabaki, likatamkwa Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Kariakoo na Uhindini.

Ardhi ilikuwa ya serikali, nyumba ya mjenzi. Alisimamisha boriti za mikoko, akafunga fito, akakandika udongo, akaezeka makuti au madebe yaliyokunjuliwa. Bati lilikuja baadaye. Ukumbi ulikata katikati, kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kila upande. Uani palikuwa na jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha, hata familia nzima chumba kimoja. Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi wakachangia ukumbi, choo na umbea.

Baraza la mbele lilikuwa la wote. Hapo viliuzwa vitumbua, zikafumwa kofia, ikajadiliwa siasa. Si ajabu chama cha TANU kilizaliwa jirani hapo, Mtaa wa New Street, sasa Lumumba, tarehe 7 Julai 1954.

Soko la Kariakoo la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lilileta zege: paa lake la miamvuli hukinga mvua na kuishusha kwenye matangi ya chini. Moto ulilikumba Julai 2021. Hata hivyo soko lina jina la msanifu. Nyumba za udongo hazina, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda hasa majengo ya kabla ya 1863, miongo mingi kabla Kariakoo haijapimwa.

Baraza ndilo lililotangulia kufa. Lilizibwa, likatiwa mlango wa chuma, likawa fremu ya kupangishwa kwa kilemba. Kisha wakaja wawekezaji na mikataba ya ubia: wewe kiwanja, mimi ghorofa, tugawane. Maghorofa mengine yalijengwa kwa pupa. Novemba 16, 2024 moja liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20.

Warithi wengi wamehamia pembezoni mwa jiji. Kodi bado wanakusanya palepale, ila hawachangii tena choo na mpangaji.