Taharuki Kabla ya Kisa

Kwa miaka mingi, majina yanayofungua filamu hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya filamu. Katika kumbi nyingi za Marekani yalipita pazia likiwa bado limefungwa, watu wakitafuta viti na kutafuna bisi. Mwaka 1955 mwongozaji Otto Preminger alipotoa The Man with the Golden Arm, makopo ya filamu yalifika kumbini na agizo kwa mwendesha mashine: fungua pazia kabla ya majina. Ufunguzi huo, vipande vyeupe kwenye weusi ambavyo mwishowe vinakuwa mkono uliopindapinda wa mtumwa wa heroini, ulibuniwa na Saul Bass, msanii wa matangazo mzaliwa wa New York. Filamu yenyewe haikuwa ya taharuki, ila ni watengenezaji wa taharuki waliofaidi zaidi uvumbuzi ule, kwani waligundua kwamba mtazamaji anaweza kutiwa hofu kabla hajajua anaogopa nini.

Psycho ya mwaka 1960 ndiyo ushahidi bora. Mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, aliingia kwenye sinema huko London akibuni kadi za maandishi za filamu bubu, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa thamani ya herufi. Bass alimtengenezea mistari ya kijivu inayokimbia kukata skrini. Majina yanatokea yamekatwakatwa, sehemu ya juu ya herufi imehama kutoka ya chini, yanaungana kwa muda mfupi, kisha yanachanika tena. Hakuna kisu wala damu. Hitchcock alipiga marufuku watu kuingia ukumbini filamu ikishaanza, hasa ili kulinda siri ya kisa, lakini matokeo yake ni kwamba hata majina yakapata watazamaji kamili.

Atakayesema kazi yote ni ya ala za nyuzi za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann ana hoja, maana muziki ule ukiuondoa, mistari inapoa. Lakini tazama muziki huo unaporudi baadaye: mwanamke anaendesha gari tu, na sisi tumeshika roho mkononi. Ameiba pesa, ni kweli, ila wizi peke yake hautoshi kueleza hofu ile. Masikio yetu yalikwishafunzwa kuuhusisha muziki huo na kitu kinachokatwa.

Pingamizi zito zaidi ni Touch of Evil ya Orson Welles. Mwaka 1958 studio ya Universal iliyabandika majina juu ya picha ndefu ya mwanzo, na mwaka 1998 Walter Murch, akiihariri upya, aliyaondoa. Ikawa bora, nakubali. Ila pale bomu limeshatiwa ndani ya buti ya gari mbele ya macho yetu. Hofu ina mahali pa kukaa, na maandishi yanatuzibia tu. Majina hufaa pale ambapo tishio bado halina sura.

Ndivyo mbunifu Kyle Cooper alivyofanya katika Seven ya David Fincher mwaka 1995. Tunaona vidole vya muuaji vinavyokwanguliwa kwa wembe, daftari zinazoshonwa, herufi zilizokwaruzwa kwa mkono. Uso hatuonyeshwi. Na Kevin Spacey, aliyeigiza muuaji huyo, jina lake halimo katika majina ya mwanzo; liliwekwa mwisho wa filamu.