Kanuni za Bao: Baraza na Kitabu

Mchezo wa bao umechezwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa vizazi vingi, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake haukuwa na kitabu. Kanuni zake zilikaa vichwani mwa wachezaji. Jambo hili lastahili kutazamwa na wanafunzi wa historia, kwa kuwa kanuni zenyewe si chache wala si nyepesi. Michezo mingi ya ukoo huu, uliotapakaa Afrika na Asia, ina safu 2 za mashimo, na kanuni ambazo mtoto aweza kuzishika kwa muda mfupi. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Lina hatua 2 zisizofanana, namua na mtaji. Tena lina shimo liitwalo nyumba, lenye sheria zake peke yake. Yapasa kuuliza basi: mchezo mzito namna hii ulihifadhiwaje bila maandishi? Na maandishi yalipokuja, yaliongeza nini na yalipunguza nini?

Jibu la swali la kwanza liko barazani. Mwanafunzi aweza kuanzia katika bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa 2 kwa kila shimo tangu mwanzo. Hapo huzoea kugawa kete moja moja, kula kete za mwenziwe, na kulala, yaani kukoma pale kete ya mwisho inapoangukia shimo tupu. Baadaye huingia bao kubwa. Humo kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kuumeni kwake. Kete 22 zilizosalia hushikwa mkononi, zikatiwa ubaoni moja kwa kila zamu. Hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikisha, mtaji huanza.

Katika mafundisho ya namna hii kanuni haitajwi mpaka siku yake ifike. Mathalani, mchezaji anayekula katika namua, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumba yake yenye kete 6 au zaidi, ana hiari ya kulala hapo au ya kuzigawa kete za nyumba na kuendelea. Akizigawa, nyumba imevunjika, na haki zake hazirudi tena. Lakini akiwa anatakasa, yaani anacheza pasipo kula, hiari hiyo hana, sharti alale. Mwanafunzi aliyeambiwa maneno haya kwa mdomo tu huyasahau kabla ya magharibi. Aliyeivunja nyumba yake kwa pupa, akaona kete alizozilimbikiza zikiliwa mbele ya watazamaji, hayasahau kabisa. Na watazamaji hao hawakai bure. Wao ndio wanaomzuia aliyekosea, wanaoshuhudia desturi, na wanaoamua ugomvi.

Mtu asidhani kuwa hali hii ilitokana na upungufu wa kalamu. Waswahili waliandika tenzi na barua kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla ya utawala wa Wazungu. Kanuni za bao hazikuandikwa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyezihitaji kwa njia hiyo. Aliyetaka kujua alikwenda barazani. Hata pale vitabu vya michezo vilipostawi, mambo hayakuwa mbali na haya. Katika karne ya 9 na ya 10, mabingwa wa sataranji katika dola ya Baghdad, kama al-Adli na as-Suli, walitunga vitabu juu ya mchezo wao. Fahari ya vitabu hivyo ilikuwa mafumbo ya kufumbuliwa na mipango ya kufungulia mchezo, mambo yasiyomfaa ila yule ambaye amekwisha kucheza. Kitabu kilimfuata mchezaji, hakikumtangulia.

Kwa upande wa bao, vitabu viliandikwa kwanza na wageni. Thomas Hyde wa Oxford alieleza michezo ya ukoo huu mwaka 1694 katika kitabu chake juu ya michezo ya Mashariki, na Stewart Culin wa Marekani aliandika juu yake mwaka 1894. Lakini uchunguzi wa bao la Kiswahili lenyewe, pamoja na mafundi wake, ulikomaa baadaye sana. Philip Townshend alichapisha makala yake mwaka 1982, na Alexander de Voogt, aliyefanya utafiti kwa mafundi wa Unguja, alitoa kitabu juu ya ufundi wa bao mwaka 1995.

Faida ya kazi hizo si ndogo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua kanuni ya kutakasia. Katika mtaji, mchezaji akitakasa na mpinzani wake akawa hana cha kula, huenda likawapo shimo moja tu la mpinzani linalokabiliwa na hatari ya kuliwa zamu ijayo. Shimo hilo hufungwa, na mwenyewe haruhusiwi kulianzia mchezo wake, ila katika hali chache, kama vile likiwa ni nyumba. Kanuni kama hii hutokea kwa nadra na huponyoka kwa wepesi. Kizazi kimoja kikiacha kuitumia, kijacho hakitajua kwamba iliwahi kuwapo.

Kisha likaja jaribio kali zaidi. Mwaka 2002 Donkers na Uiterwijk, wataalamu wa Uholanzi, walichapisha kazi juu ya kuifundisha kompyuta bao. Kompyuta haina baraza; yote yasiyotamkwa kwayo hayapo. Swali ambalo barazani lisingemsumbua mtu sasa likadai jibu kamili: itakuwaje ugawaji wa kete usipokoma? Mwaka 2006 makala nzima ilitolewa juu ya michezo ya bao isiyo na mwisho. Hivyo maandishi yalifunua jambo lililofichika ndani ya kanuni zenyewe.

Lakini daftari lina gharama yake. Kanuni zilizochapwa ni kanuni za mahali fulani, kama walivyozieleza watu fulani. Desturi za Unguja si lazima ziwe zile za Lamu, wala za Malawi, ambako mchezo huitwa bawo. Msomaji wa mbali, asiye na baraza ya kumkosoa, huweza kumhukumu mzee wa Lamu kuwa amekosea, ilhali mzee yule anacheza kama alivyofunzwa. Hapo kitabu kilichoandikwa kiwe shahidi kimegeuzwa kuwa kadhi. Aidha, kitabu chaweza kusema kwamba nyumba huvunjwa kwa hiari, lakini hakisemi ni zamu ipi yafaa kuivunja. Ujuzi huo hupatikana kwa kushindwa mara nyingi mbele ya anayejua zaidi, na fundi akifa bila mwanafunzi, hapana ukurasa utakaoushika. Kwa hiyo anayetaka kulihifadhi bao na aandike kanuni zake, ataje mahali zilipochezwa na watu waliozieleza. Kisha afanye bidii mabaraza yasikose vijana.