Kadi Zilizoiba Mtihani: ATI na NVIDIA, 2002 hadi 2004

Mara kwa mara mtu huniuliza: kati ya kadi hii ya michoro na ile, ipi kali zaidi? Nami humjibu kwa swali: nani aliipima, na aliipima vipi? Leo nawasimulia kisa kilichonifunza kuuliza hivyo.

Mwishoni mwa mwaka 2000, kampuni ya 3dfx iliyotamba na kadi za Voodoo ilizidiwa, ikakubali kuuza mali zake kwa NVIDIA. Tangu hapo NVIDIA ikawa jogoo wa soko, na mpinzani wake mkubwa alikuwa ATI ya Kanada.

Agosti 2002 ATI ikaleta Radeon 9700 Pro. Chipu yake ilibuniwa na wahandisi waliotoka ArtX, kampuni ndogo ambayo ATI iliinunua mwaka 2000. Ilikuwa na transista zaidi ya milioni 100, ilichora pikseli 8 kwa mpigo mmoja, na njia yake ya kwenda kwenye kumbukumbu ilikuwa na upana wa biti 256. GeForce4 Ti 4600, bingwa wa wakati huo, ilikuwa na pikseli 4 na biti 128. Ukiiambia kadi ilainishe kingo za maumbo zisionekane kama meno ya msumeno, bingwa aliachwa mbali.

Jibu la NVIDIA lilikuwa GeForce FX 5800 Ultra. Ilitangazwa Novemba 2002 lakini ikafika madukani mwanzoni mwa 2003. Kwenye karatasi ilitisha: megahezi 500 dhidi ya 325 za Radeon. Lakini njia yake ya kumbukumbu ilibaki biti 128. Hebu piga hesabu. Kumbukumbu ya GeForce ilipeleka data mara milioni 1,000 kwa sekunde, kila mara baiti 16: jumla gigabaiti 16. Ya Radeon ilipeleka mara milioni 620 tu, lakini kila mara baiti 32: karibu gigabaiti 20. Bomba pana lenye presha ndogo lilitoa maji mengi kuliko bomba jembamba lenye presha kubwa. Isitoshe, megahezi zile zilileta joto, na feni ya kulipoza ilivuma kiasi kwamba NVIDIA wenyewe walitoa video ya kuitania.

Hapo ndipo mtihani unapoingia. Februari 2003 kampuni ya Futuremark ya Finland ilitoa 3DMark03, programu ya kupima kadi. Inaonyesha matukio yaleyale, kamera ikipita njia ileile, kisha inatoa alama. Kwa alama hizo watu waliamua kutumia mamia ya dola.

Mwezi wa Mei, waandishi wa ExtremeTech na Beyond3D walitumia toleo maalum la programu hiyo linaloruhusu kuisimamisha kamera na kuitoa njiani. Kwa kadi ya NVIDIA, picha ikavurugika! Sehemu zilizokuwa nje ya njia ya kawaida hazikuchorwa sawasawa. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ilijua mapema kamera itapita wapi, ikaacha kazi ambayo mtahini asingeiona. Ni sawa na mwanafunzi aliyeuona mtihani usiku uliotangulia. Katika gemu halisi hakuna anayejua mchezaji atageukia wapi, kwa hiyo ujanja ule haukumfaidi mnunuzi hata kidogo.

Tarehe 23 Mei 2003 Futuremark ilitoa sahihisho la kuzuia mbinu hizo. Alama za GeForce FX 5900 Ultra, mrithi wa 5800, zilishuka kwa asilimia 24.1. Za Radeon 9800 Pro zilishuka kwa asilimia 1.9. ATI ilikiri kwamba ilipanga upya baadhi ya maagizo bila kuibadilisha picha, ikaahidi kuondoa. Lakini tarehe 2 Juni Futuremark, pamoja na NVIDIA, ikatangaza kwamba haukuwa wizi, bali ni kuirekebisha draiva kwa ajili ya programu moja. Mtahini alikuwa amelegea.

Tusimfanye ATI malaika. Oktoba 2001 iligunduliwa kwamba draiva ya Radeon 8500 ilikuwa ikilitambua gemu la Quake III kwa jina. Ukibadilisha "Quake" iwe "Quack" ndani ya faili, kasi inapungua na picha inakuwa safi zaidi.

Mimi ni mwandishi wa programu na najua kishawishi hiki. Niliwahi kuijaribu programu yangu kwa faili moja wiki nzima, ikawa na kasi ajabu. Faili la kwanza la mteja likaiangusha. Sikukusudia kudanganya, ila nilikuwa nimeufundisha mkono wangu kujibu swali moja tu.

Ukweli ulijitokeza kwenye magemu. Half-Life 2 ilipotoka Novemba 2004, yenyewe ilizishusha kadi za GeForce FX kwenye njia ya zamani kuliko DirectX 9, kwa sababu njia mpya iliwalemea. Lakini NVIDIA walikuwa wameshatafuta dawa: Aprili 2004 walitoa GeForce 6800 Ultra, yenye kuchora pikseli 16 kwa mpigo na njia ya biti 256. Heshima yao ilirudishwa na chipu bora. Draiva yenye ujanja isingeirudisha.

ATI ilinunuliwa na AMD mwaka 2006, na mashindano yakaendelea chini ya jina hilo. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiona jedwali la alama kabla hujatoa pesa mfukoni, tafuta mtu aliyeipima kadi hiyo kwa gemu unalolicheza wewe, na aliyethubutu kuitoa kamera njiani.