Habari za Vyama vya Wanawake na Kazi Zao Katika Nchi ya Rungwe

Vitabu vya jubilei huanza mara nyingi na majina ya wanaume: waliokuja, waliojenga, waliowekewa mikono. Nao walikuja kweli. Mwaka 1891 Ndugu wa Herrnhut walifika chini ya mlima Rungwe, na mwaka ule ule wamisionari wa Berlin wakaanza kazi yao katika nchi hii ya Konde. Lakini tukitazama habari za ubatizo wa Rungwe, jina la kwanza ni la mwanamke. Fiabarema alibatizwa tarehe 7 Februari 1897, akapewa jina la Numwagile, maana yake kwa Kinyakyusa, Nimempata. Miaka zaidi ya mitano ya mahubiri ilikuwa imepita, na aliyetangulia wengine wote akawa mama.

Ili tujue uzito wa jambo hili, yatupasa kukumbuka hali ya mwanamke wa siku zile. Aliolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe wale walifunga koo mbili pamoja. Mume akifa, mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, au hata na mwana wa nyumba nyingine. Tena palikuwa na mwiko wa mkwe. Mke hakuruhusiwa kukutana na baba wa mumewe wala kulitaja jina lake; akimwona njiani alikimbia kando na kujificha. Bwana na Bibi Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hata 1938, wameiandika desturi hii kwa urefu, na wazee wetu hawakuhitaji kitabu ili kuijua. Basi twauliza: mwanamke mwenye shauri lake angesemaje barazani, ikiwa mkwewe ameketi pale pamoja na wazee? Shauri lake lilisemwa na baba yake au kaka yake, na asiye na baba wala kaka alinyamaza.

Kwa majirani zetu wa Mbozi, bibi mmoja aitwaye Narwimba alisimulia maisha yake, na Bibi Elise Kootz-Kretschmer wa misioni ya Moravian akayaandika. Katika siku za vita na kukamatwa watumwa, mume wa Narwimba alikufa, naye mwenyewe akamwomba mpwa wa mumewe amrithi, ili apate mlinzi, yeye na watoto wake. Wako wasomaji watakaosema kwamba urithi wa wajane ulikuwa dhuluma tupu. Sisi twaona Narwimba alijua alifanyalo: palipo hatari, mlinzi mbaya ni afadhali kuliko kukosa mlinzi. Shida ilikuwa kwamba hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Misioni ilileta mlango huo, nao wamisionari hawakuubuni kwa ajili ya Afrika, kwa maana waliutoa kwao. Tangu karne ya 18 ushirika wa Herrnhut uligawanywa kwa vikundi, wajane mahali pao, mabinti mahali pao, wake walioolewa mahali pao, na kila kikundi cha wanawake kiliongozwa na mwanamke. Mwaka 1730 walimchagua Anna Nitschmann kuwa mzee mkuu wa kina dada, naye alikuwa msichana wa miaka 14. Desturi ya watu kama hao haikuweza kuwaacha wanawake wa Rungwe wakae nyuma ya migomba. Wake wa mitala walikubaliwa kubatizwa, hali mume wao alikataliwa mpaka abaki na mke mmoja. Hivyo mke aliweza kuingia ushirikani pasipo mumewe, akasimama kwa jina lake mwenyewe. Mwiko wa mkwe nao ukalegea kwa Wakristo.

Mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza yaliingia Tukuyu, iliyoitwa wakati ule Neu Langenburg, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Hawakurudi hata kama mwaka 1925. Waskoti wa Livingstonia waliangalia kazi, lakini walikuwa wachache, na ushirika ulikaa mikononi mwa watu wa hapa. Kisha, katika miaka ya 1930, dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini iliwavuta vijana. Jembe, ambalo katika desturi ya Kinyakyusa lilikuwa kazi ya mwanamume, likabaki nyumbani pamoja na mke. Katika hali hiyo vikundi vya akina mama vilikuwa na kazi tele. Kumlimia mjane, kumpelekea kuni mzazi, kumkesha mgonjwa, kushona, kufundishana kusoma, kukaa matanga: watu huziita kazi ndogo, lakini waliozifanya pamoja walijifunza kushauriana, kuweka fedha na kuchagua mkuu wao.

Siasa ilipokuja, iliwakuta wanawake katika nchi nyingi za Tanganyika wamekwisha zoea kukusanyika. Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU tangu 1955, na mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Hapo ndipo sauti ya vikundi ilipogeuka kuwa madai ya sheria. Safari haikuwa nyofu. Mwaka 1963 Serikali iliandika sheria za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na ndani yake mjane hakuwa na fungu la urithi ikiwa marehemu aliacha jamaa wa ukoo wake. Miaka minane baadaye, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilisema mjane yu huru kukaa apendapo, asiolewe, au aolewe na mwanamume amtakaye; tena ilikataa mume au mke kumpiga mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuongezewa kitu. Na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, ambaye jina lake masikio ya Rungwe hulipokea bila shida, alihukumu kwamba Bi Holaria Pastory alikuwa na haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, sawa na mwanamume.

Hukumu hukaa vitabuni mpaka apatikane mtu wa kuipeleka kijijini. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kiliundwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi ya namna hiyo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Shauri la urithi lingaliko: mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliitaka Serikali irekebishe zile sheria za mila. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliagiza kwamba baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu wao wawe wanawake. Mjane wa Rungwe apelekapo leo shauri la shamba lake la migomba, wako watatu wa kumsikiliza walioketi pamoja na wanaume wanne, na huenda mmoja wao ndiye aliyemletea kuni siku za matanga.